Sahani Nyeupe Mlangoni

Nilijua nimeharibu kazi saa moja na nusu asubuhi, nikiwa na mswaki mdomoni.

Kidani cha bibi harusi kilikuwa juu ya meza karibu na dirisha, kimelala kwenye kitambaa cheupe, pale pale nilipokiacha jana jioni huku nikijisifu. Nyuzi tisa za shanga za feruzi, kuanzia ile fupi inayokaa shingoni hadi ile ndefu inayofika kifuani. Jana, chini ya taa, zote tisa zilikuwa rangi moja. Sasa jua lilikuwa limeingia, na nyuzi sita zilikuwa feruzi, na tatu zilikuwa buluu ya ndoo ya plastiki.

Mama, ambaye siku hizi anatambua watu kwa sauti kwa sababu macho yamechoka, alisimama karibu na meza na kikombe chake.

"Hizo za chini umezibadilisha rangi makusudi?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Basi umezinunua wapi?"

"Kwa yule wa kona."

"Na kwa nini kwa yule wa kona?"

Nikarudi kusugua meno. Mama alikuwa anajua kwa nini. Siku ile alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake, ameona kila kitu kwa macho hayo hayo mabovu.

Kwa wasiotunga shanga, nieleze kidogo. Kila rangi ina namba, na feruzi ni namba kumi na nne, uende duka lolote. Lakini shanga za kioo huchomwa kwa mafungu, na kila fungu hutoka tanuruni na rangi yake. Pakiti mbili zenye namba ile ile, zikitoka mizigo tofauti, ni kama ndugu wa tumbo moja: utasema wamefanana mpaka siku wasimame bega kwa bega. Kwa hiyo mtungaji hununua shanga zote kutoka mzigo mmoja, na kabla ya kulipa huzitoa nje akaziangalie kwenye mwanga wa jua. Hilo nalijua kuliko namba yangu ya simu. Hata hivyo nilisimama chini ya taa ya yule wa kona, nikasema nipe pakiti moja ya kumi na nne, nikalipa, nikaondoka kama mtu anayefukuzwa.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Jumanne. Kufumua nyuzi zote tisa na kuanza upya nisingeweza, vidole vyangu ni kumi tu kama vya watu wengine. Nilihitaji pakiti moja ya mzigo ule wa kwanza, na mzigo ule ulikuwa kwenye duka moja tu, duka ambalo sikuwa nimelikanyaga kwa wiki tano.

"Nenda," Mama akasema.

"Na kama hataki kuniuzia?"

"Mwenye duka gani anakataa kuuza? Nenda kamalizane na aibu yako mapema, kabla jua halijawa kali." Akanywa chai kidogo. "Halafu usisahau Jumapili. Kaka yako anamleta yule mwenzake wa ofisini aje kukuona."

Alilisema hilo la Jumapili kwa sauti ile ile anayosomea tarehe kwenye pakiti ya dawa.

Nilifumua zile nyuzi tatu, nikazifunga kwenye karatasi, nikakikunja kidani kilichobaki ndani ya kitambaa chake, nikavaa. Nilibadilisha gauni mara mbili. Naliandika hili kwa sababu nimeamua kusema kweli.

Duka la huyo mwenye mzigo wa kwanza ni jembamba, ukinyoosha mikono unagusa rafu za pande zote. Chupa za shanga zimepangwa kwa rangi kuanzia sakafuni hadi darini, waya na nyuzi zinaning'inia kwenye misumari, na juu kabisa kuna taa ndefu nyeupe inayolialia. Taa hiyo ni mwongo wa kwanza katika mtaa mzima. Miaka mitatu iliyopita, siku yangu ya kwanza, nilikuwa nimeshatoa pesa nilipe shanga nyekundu aliponizuia.

"Usilipe kwanza," alisema. "Njoo mlangoni."

Alizimimina kwenye sahani nyeupe, sahani ya kawaida ya kulia chakula, akaibeba hadi kizingitini. Pale jua lilipoipiga, nyekundu yangu ikawa rangi ya matofali. Nilicheka, naye akacheka, akaenda kunitafutia nyekundu ya kweli. Tangu siku hiyo nikamwita Bwana Sahani. Yeye aliniita Fundi. Nyumbani nilikuwa dada anayechezea shanga, na hakuna aliyewahi kuniita fundi kabla yake.

Miaka mitatu tulisimama kwenye mlango ule. Yeye ameshika sahani, mimi nimeinama nazipekua kwa kidole, vichwa vyetu karibu. Mara ya kwanza nilipoinua macho nikamkuta haangalii shanga, aliyageuza macho yake barabarani haraka kama mtu aliyesikia honi. Mara ya pili hakuyageuza. Nilianza kununua kidogo kidogo ili nirudi mara nyingi. Mama akaniuliza mbona siku hizi shanga zinakwisha upesi hivyo, nikamwambia biashara ni nzuri.

Kisha, wiki tano zilizopita, alikuja nyumbani kujitambulisha. Shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Baba hayupo tena, kwa hiyo aliyemkaribisha ni kaka yangu mkubwa, ambaye ni karani na anapenda watu walijue hilo. Mama alileta maji. Mazungumzo yalikwenda vizuri kwa dakika kumi.

"Na kazi, bwana? Unafanya kazi gani?" Kaka akauliza.

"Nauza shanga."

"Shanga?"

"Shanga, nyuzi, vifungo. Vifaa vya kutungia."

"Mwanamume mzima?" Kaka akaegemea kiti, akacheka. "Basi mkioana mtakaa sakafuni wawili mnatunga, na nani atapika?"

Na mimi nikacheka.

Sikucheka sana. Lakini nilicheka, kwa sauti, na kila mtu chumbani alisikia. Kaka yangu akitania, nyumba yetu hucheka, imekuwa hivyo tangu Baba alipofariki, na asiyecheka huulizwa ana nini. Nilicheka kabla sijafikiri. Bwana Sahani alinitazama mimi, siyo Kaka. Akaweka glasi ya maji mezani, akamshukuru Mama, akaaga vizuri sana, akaondoka. Mimi nilibaki nimekaa. Sikumfuata hata hadi getini.

Hiyo ndiyo aibu niliyokuwa nimeibeba asubuhi ile pamoja na kidani.

Nilipofika, kulikuwa na mteja mmoja, mama mnene mwenye mkoba, anatafuta kifungo cha kufanana na vya koti lake. Vifungo vyote vya duka vilikuwa vimemwagwa mbele yake. Chini, kando ya rafu, kulikuwa na maboksi. Mawili yamefungwa kwa kamba, mengine matupu yamekaa wazi.

"Karibu," Bwana Sahani akasema. Miwani ilikuwa juu ya kichwa, pale pale inapokaa siku zote. Amepungua kidogo, au shati ndilo lilikuwa kubwa.

"Asante. Habari za hapa?"

"Nzuri. Nikusaidie nini?"

Hakuniita Fundi. Nililipokea hilo, nikatoa orodha yangu. Sikuwa nimeandika orodha yoyote, nilikuwa nimetoa karatasi ya zamani ya mkobani nikajifanya naisoma.

"Kulabu za hereni, jozi ishirini."

Akahesabu.

"Uzi wa nailoni, ule mwembamba. Vifungo vya mkufu, vile vya mviringo. Sindano mbili."

"Ndefu au fupi?"

"Ndefu." Nina sindano ndefu kumi na moja nyumbani. "Na gundi."

"Gundi hukuwa unatumia."

"Nimeanza."

Akaniwekea gundi. Nilikuwa nimeishiwa vitu vya kuomba.

"Unahamisha vitu?" nikauliza, nikionyesha maboksi kwa kidevu.

"Dada yangu ana duka mji mwingine. Amelemewa. Ameniomba niende tuuze pamoja." Alikuwa anafunga kulabu kwenye karatasi, haniangalii. "Nilikuwa nakataa kila mwaka. Mwaka huu sikupata sababu ya kukataa."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi ulikuwa siku tisa mbele. Yule mama wa kifungo aliacha kupekua, kisha akakumbuka akaendelea.

"Nahitaji pia kumi na nne," nikasema. "Pakiti moja. Ya ule mzigo wa..." Nikafungua kitambaa nikamwonyesha nyuzi sita, halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika huko, nikafungua na ile karatasi.

Aliteremsha miwani machoni. Hakuhitaji kwenda mlangoni, alitazama mara moja tu.

"Hizi si zangu."

"Si zako."

 Aliinama chini ya meza, akakaa huko kidogo, akainuka na pakiti moja ya feruzi. Imefungwa kwa mpira, na chini ya mpira kuna kikaratasi. Kimeandikwa kwa mwandiko wake wa kulala: *Ya Fundi. Isiuzwe.* Na tarehe. Ilikuwa tarehe ya Jumamosi ile ambayo kesho yake alikuja nyumbani na shati lake la pasi.

"Ulinunua pakiti mbili," akasema. "Pakiti mbili hazitoshi nyuzi tisa. Nilijua ya tatu utaihitaji."

"Na hukuiuza."

"Niliandika isiuzwe." Akaimimina kwenye sahani nyeupe, akaisukuma mbele yangu. "Mlango uko pale."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaona kuwa ameketi kwenye kigoda chake na kuchukua kalamu aandike risiti.

Nikaibeba sahani mwenyewe. Miaka mitatu sikuwahi kuishika, na ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nilisimama kizingitini, nikalaza uzi mmoja wa kidani kando ya shanga. Zilikuwa rangi moja kabisa. Sikuwa na lingine la kuangalia, lakini sikuweza kugeuka, kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika na sikutaka ayaone. Wapita njia walinitazama, mwanamke mzima na sahani ya shanga analia. Nikajifuta kwa mkono wa gauni, lile la mwisho kulivaa, nikarudi ndani.

"Sioni vizuri," nikamwambia. "Njoo uangalie."

"Una macho."

"Nakuomba."

"Zinafanana. Nazijua."

Nikaweka sahani mezani. "Siku ile nilicheka," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Kaka yako naye alicheka," akajibu taratibu. "Hilo sikulijali. Hanijui. Watu wananicheka tangu nifungue duka hili, na wengine wao wake zao ni wateja wangu. Lakini wewe unaijua kazi hii. Unajua nazijua kwa macho rangi mia mbili. Unajua ninavyolala mnadani siku mbili kungoja mzigo. Wewe ulicheka nini?"

"Sikukucheka wewe."

"Nani basi?"

"Nilicheka kwa sababu Kaka alicheka." Ilipotoka mdomoni ilisikika ndogo na ya kitoto, lakini ndiyo iliyokuwa kweli, nikaendelea nayo. "Nimekuwa nikicheka hivyo tangu nina miaka kumi na tano. Akisema shanga zangu ni mchezo, nacheka. Akiwaambia wageni kuwa mimi sijapata kazi, nacheka. Siku ile nilicheka hivyo hivyo kwa mazoea, na nilipokuona uso ndipo nikasikia nilichofanya. Nilipaswa kukufuata. Niliona haya. Nimeona haya wiki tano, mpaka nikaenda kununua shanga za buluu ya ndoo."

"Mimi sisikii kitu," akasema mama wa kifungo, ameinamia vifungo vyake. "Endeleeni tu."

Bwana Sahani alivua miwani. Alikuwa anataka kusema jambo, niliona, na simu yangu ikaita.

Ilikuwa Kaka. Ningeweza kuizima. Niliipokea, na kwa kuwa simu yangu imeharibika sikio, naongea nayo kwa spika siku zote, kwa hiyo duka zima, yaani watu watatu, lilimsikia.

"Uko wapi? Nimepiga nyumbani Mama anasema umetoka."

"Niko dukani."

"Sikiliza. Jumapili saa nne, mgeni anakuja. Vaa vizuri, halafu hizo takataka zako za mezani uzitoe, asije akadhani ameingia kiwandani."

"Takataka gani, Kaka?"

"Shanga, nini tena. Uko duka gani mbona kuna mwangwi?"

Nilimtazama Bwana Sahani. Alikuwa anaiangalia risiti yake, lakini haandiki.

"Niko kwa muuza shanga," nikasema.

Kaka akacheka. Kicheko kile kile, kirefu, chenye nafasi ya kungoja wengine waingie. Nilikisikia kikizunguka kati ya zile chupa. Alingoja. Mimi nikanyamaza.

"Mbona kimya?" akauliza.

"Hakuna cha kuchekesha, Kaka."

"Nini wewe? Natania tu."

"Najua. Lakini hiyo meza unayoitaka isiwe na shanga, ilinunuliwa na shanga. Kiti unachokalia ukija, shanga. Dawa za macho za Mama, shanga. Kodi ya nyumba nalipa mimi mwaka wa nne sasa, na wewe unajua, na sijawahi kukusimanga hata siku moja. Wewe ni kaka yangu mkubwa na ninakuheshimu. Mgeni wa Jumapili mwambie asije."

"Umechanganyikiwa?"

"Hapana. Mwambie nina mgeni mwingine saa hiyo hiyo."

"Mgeni gani?"

"Bado hajakubali," nikasema. "Ndiyo naendelea kumwomba. Wasalimie wifi na watoto."

Nikakata simu.  Sikuwahi kumjibu Kaka hivyo maishani mwangu, na nilijua ifikapo jioni atakuwa nyumbani anamlalamikia Mama. Nilijua pia kwamba Mama atamsikiliza mpaka mwisho, kisha atamwuliza kama atakunywa chai.

Taa ikaendelea kulialia.

Bwana Sahani akainuka. Kuna kibao kwenye meza yake kinachoinuliwa ili mtu apite, na siku zote hukiinua polepole kwa sababu bawaba ni mbovu. Safari hii alikiinua kikalia kwa nguvu. Akachukua sahani kwa mkono mmoja na kidani kwa mwingine, akaenda mlangoni. Nikamfuata.

Tulisimama pale pale petu. Jua lilikuwa limepanda kidogo. Akaulaza uzi juu ya shanga, akazipekua kwa kidole, taratibu, kana kwamba bado kulikuwa na swali.

"Hizo za buluu," akasema, "ulizitoa nje kabla ya kulipa?"

"Hapana."

"Fundi mzima. Kwa nini?"

"Sikuwa na wa kunishikia sahani."

 Aliinua macho, na mimi nikainua yangu, na hakuna aliyetazama barabarani.

"Na maboksi?" nikauliza, kwa sababu nilikuwa naogopa bado.

"Dada amenipa wiki tatu nifunge vitu," akasema. "Leo ni siku ya kumi na mbili. Nimefunga maboksi mawili. Moja lina magazeti tu."

Nyuma yetu mama wa kifungo akasema kwamba kifungo chake amekipata kitambo, akaacha pesa mezani, akapita katikati yetu akienda zake, akinikanyaga kidole.

"Jumapili saa nne," Bwana Sahani akasema.

"Saa nne."

"Kaka yako atakuwepo?"

"Atakuwepo. Hata akinuna atakuja, hawezi kukaa bila kujua."

"Akiniuliza tena nafanya kazi gani?"

"Usijibu," nikamwambia. "Nitajibu mimi."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu niingie. Nilingoja amalize kabisa, kisha nikacheka na mimi.